Jibu: Besi ya saini huongezwa, haibadilishwi na uliyonayo

Usiuze hilo gitaa lako la besi. Nimesoma swali lako mpaka mwisho, na nimesoma pia majibu ya waliotangulia wakibishana kuhusu rangi na aina za mbao, na sijaona hata mmoja aliyeigusa ile sentensi uliyoipitisha katikati kana kwamba ni jambo dogo: kwamba utaiuza besi yako ya kawaida ya nyuzi nne, uliyoipiga kwa mwaka mmoja na ushee, ili kujazia fedha za besi yenye saini ya Jaco Pastorius, yaani iliyotengenezwa kwa mfano na jina la mpiga besi huyo maarufu wa jazi, ile isiyo na freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo na kugawa noti). Hayo mengine uliyouliza, yaani kama besi ya saini ya wapiga besi wengine, Geddy Lee au Marcus Miller, ingekufaa zaidi, kama uchukue yenye betri au isiyo na betri, nyuzi za aina gani, na amplifaya ipi, yanaweza kusubiri. Besi ikishachukuliwa na mnunuzi haisubiri.

Nakuandikia kwa ukali kwa sababu jambo hilo nililifanya mimi, kwa mpangilio huo huo, utadhani umeninakili. Besi yangu ya awali ilikuwa ya mtindo wa Precision, modeli ya kawaida ya kampuni ya Fender, nzito kidogo, imechubuka rangi pale kiwiko kinapolalia, yenye pikapu moja (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) na vitufe viwili vya kuzungusha ambavyo kimoja kilikuwa kikikwaruza. Haikuwa na sifa yoyote ya kusimulia, isipokuwa kwamba kila nilipoichomeka ilitoa noti ile ile niliyoibonyeza, na wakati huo sikujua kuwa hiyo ni sifa. Niliiuza kwa mtu ambaye alilipa haraka mno bila hata kupunguziwa, jambo ambalo lingetosha kunishtua. Nikaongezea akiba yangu yote, nikanunua besi ya saini isiyo na freti ya msanii ambaye simtaji hapa, kwa kuwa yeye hana kosa na besi yenyewe ilitengenezwa kwa ustadi. Nalisisitiza hilo kwa sababu kila ninaposimulia kisa hiki kuna mtu huuliza kama niliuziwa mbovu. Sikuuziwa mbovu. Niliuziwa kifaa kizuri sana cha mtu mwingine.

Chumbani, peke yangu, nikiwa nimevaa spika za masikioni, nilijiona nimefika. Noti ziliteleza, ziliguna, ziliimba, na kila nilipotikisa kidole kidogo sauti ilitetemeka kama ninavyoisikia kwenye rekodi. Kisha nikaipeleka mazoezini. Bendi yetu ilikuwa na magitaa mawili, kinanda, na mpiga dramu ambaye hakuwahi kuamini kwamba dramu zinaweza kupigwa kwa upole. Kelele zilipoanza, nikagundua kwamba sisikii kama niko ndani ya tuni au nje yake. Nilichosikia ni ngurumo tu. Uzi mnene kabisa wa besi, ule wa E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na sikio la binadamu ni zito katika eneo hilo la chini hata chumba kikiwa kimya, sembuse pale ambapo ngoma kubwa ya dramu inapiga eneo hilo hilo. Kwenye besi yenye freti udhaifu huo wa sikio haukudhuru, kwa kuwa freti imekwisha kuamua noti kwa niaba yako. Kwenye besi isiyo na freti, wa kuamua ni wewe, tena kwa sikio ambalo dakika hiyo halifanyi kazi.

Wengi hudhani kwamba kukosea kidogo hakuonekani, kwa hiyo ngoja nikuoneshe kidogo hicho ni kiasi gani. Besi nyingi za mtindo wa Fender zina uzi wenye urefu wa inchi 34 kutoka kwenye nati (kizuizi cha nyuzi juu ya shingo) hadi kwenye daraja (kishikio cha nyuzi mwilini), yaani milimita 864 hivi. Ukigawa nusu toni katika sehemu mia moja, basi kukosea milimita tatu pale ambapo freti ya kwanza ingekuwa kunakupotosha sehemu sita hivi, na hapo hakuna atakayelalamika. Panda hadi mahali pa freti ya kumi na mbili, ambapo uzi unaobaki ni nusu ya urefu wote, na milimita hizo hizo tatu zinakuwa sehemu kumi na mbili. Sasa weka kidole nyuma kidogo ya mstari, kama vidole vyako vilivyozoea kwa mwaka mzima kukaa nyuma ya freti, na hapo umekosea sentimita nzima: karibu sehemu arobaini, ambayo si mbali sana na kuwa noti nyingine. Mkono uliofunzwa kwenye freti hukaa nyuma ya mstari kwa mazoea, na usipokuwa na freti unatakiwa ncha ya kidole ikae juu ya mstari wenyewe. Nilichodhani ni ujuzi wangu ndicho kilichokuwa kikinitoa nje ya tuni.

Mwimbaji wetu, baada ya wimbo wa tatu, aliniuliza kwa upole kama besi imepata mafua. Nilimjibu kwamba huo ndio mtindo wenyewe. Akauliza ni mtindo gani, na mpaka leo natafuta jibu.

Lakini hilo silo lililonigharimu zaidi, maana ugumu wa besi isiyo na freti hujifunzwa kama ugumu mwingine wowote, na watu wengi wameuweza. Kilichonitoa kanga manyoya ni kwamba sikuwa na besi nyingine. Laiti ile ya zamani ingekuwa imesimama pale kwenye kona, ningeenda nayo kwenye maonyesho, nikabaki na hii mpya nyumbani kujifunza taratibu, na leo nisingekuwa na la kukuandikia. Badala yake nilikuwa na maonyesho yaliyokwisha kupangwa, nyimbo ambazo kila mtu alizijua kwa noti zake zilizonyooka, na kifaa kimoja tu mkononi ambacho sikukiweza. Nikaanza kuazima. Kuazima besi ni kazi inayodhalilisha kuliko unavyofikiri: mwenye besi anakutazama ukiiweka begani, anakukumbusha usiguse vitufe, anataka irudi usiku huo huo, na mara ya nne hapokei simu. Onyesho moja nililazimika kupiga na ile ile isiyo na freti, nikajificha kwenye noti za chini nikipiga nusu ya zile nilizotakiwa kupiga, na baada ya hapo bendi ikamleta mpiga besi mwingine kwa muda. Yule wa muda bado yuko nao. Sina kinyongo naye, anapiga vizuri, na ana besi yenye freti.

Ongezea na habari ya ubao, yaani ule uso wa shingo ambako nyuzi hubonyezwa. Msanii ambaye besi ile ilibeba saini yake alitumia nyuzi za waya wa mviringo, zile zenye makovu yanayong'aa na kukwaruza, kwa hiyo nami nikaweka hizo hizo, maana ningewezaje kununua saini yake nikakataa nyuzi zake? Nyuzi za namna hiyo ni msasa. Kila ukitikisa kidole ili sauti itetemeke, uzi unasugua mbao, na mbao haina freti za kuusimamisha. Kabla sijajua kupiga vizuri, ubao ulikuwa umekwisha kuchimbika mifereji chini ya nyuzi zote nne, mirefu zaidi katika sehemu za chini ambako nilikuwa nikijificha. Niliipeleka kwa fundi wa magitaa, akailaza mezani, akapitisha rula ya chuma juu ya ubao, akanionesha mwanga ukipenya chini ya rula, wala hakusema neno. Ilibidi ubao usuguliwe upya mpaka usawazike, na hilo si jambo unaloweza kulifanya mara nyingi kabla mbao haijaisha.

Hatimaye nikaamua kuiuza, na ndipo nikajua kwamba besi ya saini ina bei mbili. Ukiinunua, jina linaongeza bei. Ukiiuza, jina linapunguza wanunuzi. Mtu anayetafuta besi ya kawaida haitaki kwa sababu ina jina la mtu asiyempenda, na shabiki wa msanii anataka iliyo mpya kabisa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwapunguza wanunuzi mara ya pili kwa kuchagua isiyo na freti, na mara ya tatu kwa kuusugua ubao. Nilipata karibu nusu ya nilichotoa, na nikaitumia nusu hiyo kununua besi ya mtindo wa Precision, nzito kidogo, yenye pikapu moja. Ndiyo, chekeni tu. Nilizunguka mzunguko mzima nikarudi pale pale, ila sasa vitufe vyote viwili vinakwaruza.

Sasa niwataje walionifikisha huko, bila majina. Wa kwanza ni mtu wa video. Alikaa chumbani mwake mbele ya taa nzuri, akapiga peke yake, polepole, akiwa ameongeza mwangwi na kitetemeshi cha sauti, bila dramu wala gitaa, akatuambia kwamba besi ile "inajipiga yenyewe". Sikujiuliza kwa nini hakuna mtu mwingine chumbani. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kila besi ambayo amewahi kuishika inajipiga yenyewe, jambo linalonifanya nishangae anahitajika kwa kazi gani. Wa pili ni muuzaji, ambaye alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nilipomwambia kwamba naogopa kukosa freti, aliinamia kaunta kama mtu anayetoa siri akaniambia, "Jaco mwenyewe alianzia hapo." Nami nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jaco hakuanzia hapo. Alianza kama mpiga dramu, akahamia kwenye besi baada ya kuumia kifundo cha mkono, na kabla dunia haijamjua alikuwa amekwisha kupiga usiku baada ya usiku katika bendi za densi, ikiwamo ile ya Wayne Cochran mwaka 1972, ambako mpiga besi hana nafasi ya kubahatisha noti. Alikuwa na besi zenye freti pia na alizitumia. Ile yake maarufu ilikuwa Jazz Bass, modeli nyingine ya Fender yenye pikapu mbili, ya mwaka 1962, ya kawaida kabisa ilipotoka kiwandani, ambayo baadaye ilibaki bila freti, nafasi zake zikazibwa na ubao ukapakwa epoksi, utomvu mgumu wa kupakia mashua, hasa kwa sababu alitumia nyuzi za Rotosound za waya wa mviringo zilizokuwa zikiula ubao. Unaona? Tatizo ambalo mimi nililipia kwa fundi, yeye alikuwa amelijua na kulitatua kwa mkono wake, kwa besi aliyokuwa tayari anaifahamu. Sauti yake ilitoka pia kwenye pikapu ya nyuma, ile iliyo karibu na daraja, na mkono wa kulia uliokuwa ukinyofoa nyuzi juu ya pikapu hiyo hiyo. Hilo unaweza kulijaribu leo kwenye besi yoyote yenye pikapu mbili bila kulipa chochote: funga ya mbele, fungua ya nyuma, sogeza vidole nyuma, nawe utashangaa ni kiasi gani cha Jaco kilikuwa kimekaa hapo bure. Besi za saini yake zilianza kuuzwa mwaka 1999. Yeye alifariki mwaka 1987. Hakuwahi kuinunua, kwa hiyo usiniambie kwamba aliihitaji.

Na si yeye peke yake. Pitia orodha ya besi za saini zinazosifiwa na utakuta kwamba nyingi ni nakala za besi ya kawaida ambayo msanii aliipata alipoipata, akaizoea, akairekebisha kidogo kidogo. Geddy Lee aliikuta Jazz Bass yake ya mwaka 1972 katika duka la rehani huko Kalamazoo, Michigan. Marcus Miller alikuwa na Jazz Bass ya mwaka 1977, ambayo fundi Roger Sadowsky aliiwekea kikuza sauti cha ndani, yaani hiyo betri unayouliza. James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown, alipiga Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi nene za waya bapa ambazo kwa kawaida hakuzibadilisha, na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja cha kuzuia mlio usirefuke, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia akatengeneza msingi wa nyimbo ambazo watu hadi leo wanajaribu kuzinakili kwa vidole vitano. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kwa kununua jina la mtu. Besi ya saini inafanana na kiatu kilichokwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenyewe: kinaweza kukutosha, lakini usitupe chako kabla hujatembea nacho.

Kuna anayejiandaa kuniambia kwamba nazichukia besi za saini. Sizichukii hata kidogo. Kuna zilizozaliwa na tatizo la kweli, na hizo ndizo ninazoziheshimu. Epiphone ya Jack Casady ina mwili wenye uwazi ndani, urefu kamili wa inchi 34, na pikapu moja ya upinzani mdogo wa umeme yenye swichi ya hatua tatu ya kuchagua namna inavyotoa sauti. Casady mwenyewe alihangaikia pikapu hiyo, na huwezi kuipata sauti yake kwa kununua besi nyingine ya kawaida dukani. Yamaha Attitude ya Billy Sheehan ina matundu mawili ya kuchomeka waya kwa sababu yeye hupeleka pikapu ya sauti nzito iliyo karibu na shingo na pikapu ya katikati kwenye amplifaya mbili tofauti. Stu Hamm alipopewa besi yake na Fender mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na urefu wa inchi 32 badala ya 34, ambao unamsaidia mtu anayepiga akordi na kugonga nyuzi kwa mikono yote miwili. Hizo ni hoja. Ukiwa na tatizo kama lao, nunua dawa yao. Kwa upande mwingine, kuna besi ya Nikki Sixx iliyotoka ikiwa na swichi ya kuwasha na kuzima tu, haina hata kitufe kimoja cha kupunguza sauti; kwake yeye jukwaani ilitosha, lakini mtu anayepiga sebuleni huku mtoto amelala atajua maana ya kununua uamuzi wa mtu mwingine. Hata hizo nzuri zote, narudia, huongezwa. Hazibadilishwi na uliyonayo.

Kuhusu Geddy Lee na Marcus Miller nitakuwa mfupi. Umesema besi yako ina shingo pana na umeizoea. Shingo ya Geddy Lee ni nyembamba sana, na kwenye nati ina upana wa kawaida wa Jazz Bass, milimita 38 hivi, wakati shingo za Precision hukaa kati ya milimita 41 na 44. Kwa mkono mdogo ni raha. Kwa mkono uliozoea upana, nyuzi zitaonekana zimesongamana wiki za kwanza, na vidole vya kushoto vitazima uzi wa jirani bila kukusudia. Miller amekuwa akishirikiana na kampuni ya Sire tangu mwaka 2015, baada ya miaka ya kuwa na toleo lake la Fender, na besi zake za V7 zina swichi inayokuwezesha kuzima kikuza sauti na kuipiga kama besi ya kawaida, kwa hiyo kama bado unabishana na nafsi yako kuhusu betri, hiyo inakuruhusu kubishana ukiwa umekwisha nunua. Kama ungenilazimisha nichague moja kati ya zile tatu ulizotaja, ningechagua hiyo, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo ikiwa peke yake mkononi haitakuaibisha katika aina yoyote ya muziki. Lakini usinilazimishe, maana jibu langu ni kwamba ubaki na yako.

Kuhusu nyuzi, hapa ndipo unapoweza kununua saini bila kuuza kitu. Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, ana seti yake ya nyuzi za Rotosound, SH77, ya waya bapa, nene kutoka 050 hadi 110 (unene kwa sehemu za elfu za inchi). La Bella wanatengeneza seti yenye jina la Jamerson, nene zaidi kidogo, kutoka 052 hadi 110. Weka moja ya hizo kwenye besi yako nawe utabadilika kuliko ambavyo saini yoyote juu ya mbao ingekubadilisha, ila mwombe fundi aangalie mkazo wa shingo na upana wa mifereji ya nati, kwa kuwa nyuzi nene huvuta kwa nguvu zaidi na shingo itajikunja mbele usipoikaza. Ukichoka nazo, unazitoa, unazihifadhi, na besi yako ipo pale pale. Na kama nia yako ni kujifunza bila freti, anza na waya bapa hata kama Jaco hakuzitumia, maana haziuli ubao, nawe bado huna cha kuuchimbia.

Sasa, kama baada ya haya yote hamu ya kukosa freti bado haijakutoka, na najua haijakutoka kwa sababu yangu pia haikunitoka, kuna njia ambayo hakuna aliyenionesha wakati huo. Geuza besi yako uitazame mgongoni, pale shingo inapokutana na mwili. Ukiona bamba la chuma lenye skrubu nne, una bahati: shingo hiyo inatoka. Besi nyingi za mtindo wa Fender zina mfuko wa shingo wenye upana wa milimita 63 hivi, na ndiyo maana shingo ya Precision hukubali kukaa kwenye mwili wa Jazz Bass na kinyume chake. Besi ya Mark Hoppus, ambayo nayo ni ya saini, ni mwili wa Jazz Bass uliofungwa shingo ya Precision, kwa hiyo huo si uchawi wa mafundi wa vichochoroni. Shingo isiyo na freti yenye mistari iliyochorwa mahali pa freti inauzwa peke yake, kwa sehemu ndogo ya gharama ya besi nzima ya saini. Unainunua, unafunga, unahangaika nayo nyumbani kwa muda utakaohitaji, ukirekodi mazoezi yako juu ya dramu na kuyasikiliza siku inayofuata, siyo papo hapo ambapo moyo bado unakudanganya. Ukipata onyesho, unarudisha shingo yenye freti.

Ila pima kwanza. Pima upana wa mfuko, pima kina chake, na hakikisha kwamba shingo mpya ina nafasi ishirini za freti kama ile ya zamani, la sivyo ubao unaweza kuzidi ukagonga bamba la plastiki. Legeza nyuzi zote kabla hujagusa skrubu. Unapozirudisha skrubu, tumia bisibisi ya mkono, izungushe kwanza kinyumenyume mpaka usikie imetumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze, kidogo kidogo, kwa kupishana pembe. Na usitumie mashine ya umeme hata kama jirani anayo na anajitolea, maana tundu likishapanuka kwenye mbao utarudi hapa kutuuliza gundi ipi inafaa.